Mkopo wa asilimia 10 kwa kikundi cha joging: nyota nne

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa joging, Mbagala. Mnaouliza kama mkopo wa halmashauri unatufaa: unafaa, ila si ruzuku. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) inarudishwa yote. Uzuri wake hauna riba. Aliyewahi kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ananielewa.

Afisa maendeleo ya jamii alitusikiliza vizuri, hata viti alitutafutia. Lakini andiko letu la mradi, la mikeka ya mazoezi, spika na posho ya mwalimu halikupita. Mkopo ni wa kuzalisha, anataka kuona mauzo. Basi tukaandika upya: kushona jezi za klabu, maana mabonanza ya joging Dar hayaishi na kila klabu inataka rangi yake. Mikeka itatoka kwenye faida.

Katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki, andaeni mapema. Mikopo ilisimama 2023, ikarudi 2024.

Nyota ya tano nawanyima halmashauri: wenye presha na sukari tunaokimbia kila Jumamosi hatuna fungu letu.