Miwani ya VR katika nyumba ya watu sita: uzoefu wangu hapa Kisumu

Nianze na jibu kwa wenye haraka: nimeipenda Quest 2, miwani ya VR inayokuonyesha ulimwengu wa kompyuta kana kwamba umo ndani yake, na ningeinunua tena. Ila sikuipendea yale yanayosifiwa kwenye matangazo. Huko utamwona mtu mmoja katika sebule tupu, anacheza peke yake. Nyumba yetu hapa Migosi ina watu sita, seti ya viti, meza ya kioo na feni moja. Nilichotaka kujua tangu mwanzo ni hiki: kifaa kinachomziba mtu macho na kumtoa kati ya wenzake kina faida gani katika nyumba ambamo hata rimoti ya TV hupokezanwa?

Kwa asiyeijua, Quest 2 ilitoka Oktoba 2020, wakati kampuni bado inaitwa Facebook kabla ya kuwa Meta. Haihitaji kompyuta wala waya. Kila jicho lina picha yake ya pikseli 1832 kwa 1920, na kamera nne za nje zinafuatilia kichwa na mikono yako iko wapi. Ina uzito wa gramu 503, sawa na nusu kilo ya sukari, na uzito huo wote uko mbele, kwenye mashavu. Ukanda wa juu ya kichwa ndio unaopaswa kuubeba, kwa hiyo urekebishe huo kwanza kabla ya kukaza wa nyuma. Lenzi nazo husogezwa katika nafasi tatu, milimita 58, 63 na 68, kulingana na umbali kati ya macho yako. Usipopata nafasi yako, maandishi yatakuwa na ukungu na utadhani macho yako yameharibika.

Ukitaka kucheza umesimama, tenga nafasi ya mita mbili kwa mbili. Sisi tunaitoa meza ya kioo mpaka koridoni. Unachora mpaka sakafuni kwa rimoti ya mkononi, na ukiukaribia, wavu unajitokeza mbele yako. Ukiuvuka, unaiona sebule yenyewe, nyeusi na nyeupe. Kwa michezo ya kukaa kitini hakuna haja ya kuhamisha chochote.

Sasa hali ya hewa, maana walioandika maelekezo ya kifaa hiki hawaishi kando ya ziwa. Mchana wa Kisumu, uso unatoka jasho upesi na lenzi zinafanya ukungu. Washa miwani uiache dakika chache ipate joto kabla ya kuivaa. Ukungu unapungua sana. Tafuta pia kifuniko cha silikoni cha kuwekwa juu ya sponji. Sponji inanyonya jasho la watu wote, ilhali silikoni unaifuta na kumpa mwenzako. Mwaka 2021 kampuni yenyewe ilitoa vifuniko vya silikoni bure baada ya watumiaji kadhaa kulalamikia sponji kuwasha ngozi. Lenzi zifute kwa kitambaa laini kikavu tu, usitie spiriti.

Jambo ambalo namsihi kila mtu alizingatie ni jua. Lenzi hizi hukusanya mwanga. Ukiiacha miwani dirishani imeelekea nje, hata kwa muda mfupi, jua litaunguza kioo cha ndani na kuacha alama isiyotoka. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na jua la asubuhi linaingia mpaka katikati ya sebule. Ikivuliwa, irudi kwenye boksi.

Kichefuchefu kipo, nacho kina sababu. Macho yanaambia ubongo kwamba unatembea, sikio la ndani linakataa, linasema umesimama. Shemeji yangu, kijana wa chuo mwenye nguvu zake, alishindwa na mchezo wa kukimbia. Chagua michezo ambayo unasimama pale pale, au ile unayoelekeza rimoti mahali unapotaka na kujikuta umefika. Feni pia inasaidia kuliko nilivyotarajia: iweke chini mbele yako. Upepo unapoza uso, na ukiusikia shavuni unajua umeelekea wapi katika chumba. Ukianza tu kuhisi vibaya, vua. Usijikaze.

Stima ikipotea, miwani ina betri yake, saa mbili hadi tatu. Lakini kamera hazioni gizani, hivyo mikono yako itapotea ndani ya mchezo mpaka mtu awashe taa ya sola. Waifai nayo itakuwa imezimika, kwa hiyo pakua mapema ile michezo isiyohitaji intaneti. Rimoti mbili za mkononi hutumia betri ndogo, zile za saa ya ukutani, moja kila upande.

Nirudi kwa lile swali la watu sita.

Msaada wa kwanza ni Chromecast, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye TV. Ikiwa kwenye waifai moja na miwani, kinachoonwa na aliyevaa kinaonekana kwenye TV. Mama alipotutembelea kutoka Ahero, nilimkalisha kitini nikamfungulia Wander, programu inayotumia picha za barabarani za Google. Ni Mkatoliki wa maisha yake yote, akaomba Roma. Nilimpeleka Uwanja wa Mtakatifu Petro. Miwani yake ya kusomea hakuivua, kwa sababu ndani ya boksi huja kipande cha plastiki cha kuongeza nafasi kwa wenye miwani.

"Mama, geuza kichwa tu, usiinuke."

"Nguzo zote hizi!" Ni 284. "Na hawa watu mbona hawasogei?"

Ni picha za kupigwa, hazitembei, na ukitazama mbali zinafifia. Hakujali. Alitugeukia akiwa bado ameivaa, akaanza kutueleza kilicho kushoto na kulia, nasi tukimfuata kwenye TV. Sote tulikuwa naye kule.

Msaada wa pili, na huu ndio uliofanya nione pesa yangu haikupotea, ni mchezo wa Keep Talking and Nobody Explodes. Aliyevaa miwani ana bomu mbele yake na saa inayohesabu kurudi nyuma. Wengine hawalioni bomu. Wao wana kitabu cha maelekezo, kurasa 23, ambacho hupakuliwa bure. Sisi tulikichapisha saiba. Aliyevaa anaeleza anachokiona, waliobaki wanatafuta kwenye karatasi na kumwambia afanye nini. "Nyaya tatu, hakuna nyekundu!" "Kata ya pili!" TV inazimwa, Chromecast haitakiwi, intaneti haitakiwi.

Binti yangu ana miaka saba. Meta inaruhusu kuanzia miaka 10, tena chini ya akaunti inayosimamiwa na mzazi, na nakubaliana nao: macho ya mtoto yako karibu zaidi kuliko nafasi ndogo kabisa ya lenzi. Alikuwa akikaa pembeni kaka yake akicheza, na iliniuma kuona hivyo. Sasa ukurasa wa alama za ajabu ni wake. Anazijua kuliko sisi sote, na kaka yake wa miaka 12 akikwama humwita yeye kwa jina. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini ubishi wote unafanyika kwa Kiswahili na Dholuo.

Yangu niliinunua ikiwa imetumika. Ukinunua hivyo, iwashe mbele ya muuzaji, hakikisha akaunti ya mwenye awali imeondolewa, chungulia lenzi zote mbili kwenye mwanga mweupe utafute alama za jua, na ujaribu kila kitufe cha rimoti. Kwa anayetaka mpya, Quest 2 haitengenezwi tena. Quest 3S ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299.99, karibu shilingi 39,000 kabla ya usafiri na ushuru. Kamera zake zinakuonyesha chumba kwa rangi, na katika sebule yenye watoto wanaopita huku na huku, hilo pekee lingenifanya niongeze pesa.