Bulabo pale Bujora: mpeleke shangazi, ila ujue pa kumkalisha

Mwenye shangazi aliyeahidiwa kwa muda mrefu kutolewa kwenda kuona sanaa za jukwaani, na akawa Mwanza au karibu na Mwanza, sisi tunamwelekeza Bujora, kule Kisesa, wakati wa Bulabo, tamasha la kila mwaka la ngoma za Wasukuma. Kumbi za hoteli mjini zina vichekesho na maigizo, na si vibaya, lakini kule kazi ya mtazamaji ni kukaa na kupiga makofi. Bujora mtazamaji ndiye mwamuzi. Kikundi cha Bagika na kikundi cha Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na kinachovuta umati mkubwa zaidi ndicho kinachoshinda.

Ushindani huu ni wa tangu karne ya 19, enzi za waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishania dawa ya nani ina nguvu. Wafuasi wao wakawa vyama viwili vya ngoma, na hadi leo manju, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo za kikundi, husemwa kuwa na samba, dawa ya kuvuta watu. Ndiyo maana hakuna anayecheza kwa kujizuia. Majembe yatarushwa hewani, chatu atazungushwa shingoni, sanamu la mtu litainuka ghafla katikati ya wachezaji, ilimradi watu wa upande wa pili wahame.

Na wakihama, wanahama kwa mbio. Hilo ndilo kosa wanalofanya wengi: wanamkalisha mzee mstari wa mbele kabisa kwa heshima, halafu upande wa pili wanatoa nyoka, umati unageuka, shangazi anabaki katikati ya miguu ya watu na vumbi usoni. Mkalishe pembeni, kwenye mwinuko, mahali anapoziona pande zote mbili bila kusimama. Kiti kiwe cha plastiki chenye egemeo; kigoda ni kifupi mno, ataona migongo tu. Nyuma yake pawe na mti au jiwe ili asisukumwe. Kama anaogopa nyoka, muulize mwenyeji mapema kikundi cha Bayeye kinacheza saa ngapi, maana hao ndio wenye nyoka.

Akitaka kuona kwa karibu, mpeleke wakati wapigaji wanapowasha nyasi kavu na kuzikanza ngoma. Ngozi ikipoa hulegea na sauti inakuwa butu, moto huikaza. Utamwona mpigaji akigonga katikati kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni, anagonga tena karibu na ukingo. Hapo watu bado ni wachache, anaweza kusalimia na kutuza kwa utulivu. Beba noti za 1,000 na 2,000, kwani kutafuta chenji katikati ya umati ni usumbufu mtupu.

Kwetu sisi bugobogobo, ngoma ya majembe, ndiyo ya kusubiri kuliko zote. Imetokana na vikundi vya kulima kwa pamoja, kwa hiyo jembe haliko pale kama pambo: mchezaji analitupa, linajizungusha hewani, analidaka mpini huku njuga za miguuni hazijakosa pigo hata moja. Angalia miguu zaidi kuliko jembe. Kikundi kilichofanya mazoezi haba utakitambua hapo, kwa sababu mmoja akichelewa kidogo tu, mlio wa njuga unakuwa kama mchanga uliomwagwa.

Kwa kijana aliyekulia mjini, shangazi ndiye anayeifanya siku hii iwe na maana. Nyimbo ni za Kisukuma, na manju hupiga mafumbo: anamchokoza mpinzani, anakemea uvivu, anasifu ng'ombe wa mtu na papo hapo anamdhihaki mwenyewe. Asiyejua lugha anaona mruko tu. Kaa ubavuni kwake upande wa sikio lake zuri, usimkatishe beti likiendelea, muulize likiisha. Na ukaeni mbali na spika, la sivyo hamtasikizana.

Tarehe hubadilika kila mwaka kwa sababu Bulabo hufuata sikukuu ya Ekaristi Takatifu, takriban siku 60 baada ya Pasaka; kwa kawaida ni Juni. Ibada na ngoma kukaa pamoja hapa ni kazi iliyoanza miaka ya 1950 kwa Padri David Clement, mmisionari kutoka Québec, Kanada. Ni kiangazi: jua kali mchana, upepo na vumbi, baridi kidogo magharibi. Khanga mbili, mwavuli, maji ya kutosha. Choo kiulizieni mkifika tu, msingoje haja imbane.

Chakula, ni bora mbebe chenu. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, ni matamu lakini ni magumu kwa meno ya mzee; michembe, yaani viazi vilivyokaushwa vibichi, ikichemshwa na karanga za kusaga humfaa zaidi. Makumbusho ya Wasukuma yako hapo hapo; yatembeleeni asubuhi kabla jua halijapanda, na msiyamalize yote, miguu yake itahitajika jioni.

Kutoka mjini ni barabara ya Musoma, daladala hadi Kisesa, kama kilomita 20, kisha bajaji. Bodaboda kwa mzee hapana, njia ya kupanda ina mawe. Anayetoka Sengerema hasubiri tena kivuko tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kwa hiyo anaweza kuondoka asubuhi na bado akawahi. Kurudi ndiko kugumu, maana umati wote hushuka kwa pamoja. Patana na mwenye bajaji tangu asubuhi, nauli ya kusubiri ikiwemo, mchukue namba yake, na muondoke kabla ya saa 12 jioni hata kama ngoma bado inapigwa. Shangazi akigoma kuondoka, iwe mmeshapatana na dereva asiye na haraka, au mmetafuta mapema pa kulala Kisesa.