Kuhama kwa chukudu ndani ya Goma: uzoefu wangu na namna ya kufunga vitu visivunjike

Ukihama kutoka kartye (mtaa) moja ya Goma kwenda nyingine, na nyumba yako ni ya vyumba viwili au vitatu, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya magurudumu mawili isiyo na pedali, inaweza kubeba sehemu kubwa ya vitu vyako kwa pesa kidogo kuliko kukodi kanta (lori dogo). Mimi naipa nyota nne kati ya tano. Magunia, vitanda, meza, viti, makala (makaa ya kupikia), bidoni (madumu), masufuria na vitabu nitavipakia chukudu bila wasiwasi. Frigo (jokofu), televizyo na kioo cha kabati sivipakii, hata mwenye chukudu aniapie. Nyota ya tano imepotea hapo, na pia kwa sababu kitu kikivunjika njiani hakuna wa kukulipa, isipokuwa mmepatana mapema.

Anayetaka kufunga vizuri aanze kwa kukitazama chombo chenyewe. Chukudu ni mbao ngumu, nyingi za mkaratusi, na magurudumu yake pia ni ya mbao, yaliyovishwa ukanda wa tairi kuukuu uliopigiliwa misumari. Katikati ya gurudumu mna rulma (beringi) iliyotoka kwenye gari. Hakuna upepo ndani ya tairi, na springi ya maana hakuna. Kwenye lami inateleza vizuri. Ukiingia kwenye avenyu za ndani, hasa zile zilizofunikwa na lava ya Januari 2002, kila jiwe la volkano linapiga gurudumu na pigo linapanda moja kwa moja hadi kwenye kartoni. Watu wengi hufunga vitu kana kwamba vitaanguka. Kwenye chukudu kuanguka ni nadra, kinachoharibu ni mtikisiko wa mfululizo. Mtikisiko hufungua mifuniko ya chupa, hulegeza skrubu, na hufanya sahani mbili zilizogusana zisuguane hadi zipate ufa mwembamba ambao utauona siku utakapomwagia chai ya moto.

Kwa hiyo vyombo vya kuvunjika vifunge hivi. Tafuta kartoni ngumu za sabuni au za mafuta ya kupikia, maduka ya Birere huziuza kwa bei ndogo. Usichukue kubwa kuliko zinazoweza kubebwa na mtu mmoja: kilo 15 zinatosha, zikifika 20 sehemu ya chini huanza kuachia. Gundisha chini kwa skochi (utepe wa gundi) pana, mistari miwili sambamba na mmoja wa kuvuka. Weka tabaka la nguo nzee lenye unene wa vidole vitatu. Kila sahani ivishwe kivyake, kisha isimamishwe kwa ukingo wake, kama vitabu kwenye rafu. Ukizilaza, ya chini inabeba uzito wa zote na kila pigo la jiwe linaishia kwake. Glasi ijazwe kitambaa ndani kabla ya kuvishwa nje, na vikombe masikio yote yaelekee upande mmoja. Ukimaliza, tikisa kartoni kwa mikono miwili. Ukisikia sauti yoyote, hata ndogo, fungua na uongeze nguo. Mimi napendelea nguo kuliko magazeti kwa sababu mbili: wino wa gazeti huacha weusi kwenye sahani nyeupe, na gazeti likishabonyezwa halirudi, linaacha nafasi. Vitenge vizee, mashuka, soksi, taulo, vyote utavihamisha hata hivyo.

Vitabu na madaftari vinadanganya kwa uzito. Viende kwenye kartoni ndogo au visambazwe chini ya mifuko ya nguo. Nguo zenyewe hazihitaji kartoni: magunia safi ya mchele ya kilo 25 au ile mifuko mikubwa ya nailoni yenye zipu vinafaa zaidi, kwa sababu hujipinda na kuziba mapengo kwenye mzigo. Weka mfuko wa plastiki ndani kwanza. Vumbi jeusi la volkano hupita kwenye nyuzi za gunia, na likiingia kwenye zipu au kwenye feni linakwaruza kama msasa.

Kitanda kifunguliwe chote. Andika namba kwa chaki au kalamu ya rangi kwenye kila kiungo, 1 na 1, 2 na 2, pande zote mbili. Nati na bolti zitie kwenye kimfuko, kisha ukifunge kwa waya kwenye mbao ya kichwani. Usikitie mfukoni mwako wala kwenye kartoni ya jikoni. Kabati la tripleksi (plaiwudi) lililopigiliwa misumari ni mtihani mwingine: ukilipeleka zima linayumba hadi misumari inatoka, na mgongo wake unaachana na pembe. Ondoa milango na rafu, funga kamba ya mzunguko juu, katikati na chini, halafu lilazwe kwa mgongo. Kama ni refu kupita mtu, lingoje kanta. Matela (godoro) ya sponji inakunjwa kama mkeka na kukazwa kwa mpira. Ya springi haikunjwi hata kidogo, na hiyo pia ni ya gari.

Vitu vya maji vinahitaji umakini kuliko vinavyopewa. Mdomo wa bidoni ya mafuta ya mawese uzibwe kwa kipande cha plastiki kabla ya kufunga mfuniko, na bidoni isafiri ikiwa imesimama. Chumvi, sukari na unga viwe mbali na sabuni na petroli, maana harufu inahama. Gazi: funga valvu, ondoa kichwa cha bomba, chupa isimame wima na isiguse makala. Babula (jiko la makaa) lipoe usiku kucha. Majivu yanayoonekana baridi hufunika kaa hai, na upepo wa njiani unaliamsha katikati ya magunia ya nguo. Mwaga majivu yote na ufute ndani kwa mkono. Kama mkono haustahimili, babula halipandi.

Sasa kuchagua chukudu. Usiite ya kwanza inayopita. Mwombe mwenyewe ainue gurudumu la mbele, ulizungushe kwa mkono. Likizunguka kimya na bila kuchezacheza, rulma ni nzima. Likikwaruza au likiyumba kulia na kushoto, mzigo mzito utaisaga njiani na mtabaki kwenye makutano mkipakua. Pitisha kiganja polepole kwenye ukanda wa tairi: misumari iliyochomoza inaonyesha kwamba mpira unaachia, na ukitoka, mbao itagonga mawe yenyewe. Mwisho tazama usukani, pale unaposhikana na uma wa mbele. Ufa hapo ni sababu ya kumshukuru na kutafuta mwingine. Wale wanaoteremsha kabichi na viazi kutoka Kibumba wanajua mizigo mizito kuliko vitu vyako vyote, ila viazi havivunjiki. Muulize kama amewahi kuhamisha nyumba. Aliyezoea atauliza yeye mwenyewe, “Papa, kuna vitu vya kuvunjika? Nionyeshe kwanza.” Huyo ndiye wa kumchukua.

Kupakia ana mbinu zake, mwachie, lakini simama karibu. Kizito kikae chini, katikati hadi karibu na gurudumu la nyuma. Ukilundika uzito mbele, usukani unakuwa mgumu na kwenye kona chukudu inajaribu kulala. Mbao za kitanda zilazwe kwa urefu kama sakafu, juu yake kartoni za vyombo, pembeni magunia ya nguo yazibane, juu kabisa matela. Mzigo usizidi kimo cha kufanya asione mbele, na usitanuke kupita usukani, kwani pikipiki za Goma hupita karibu sana. Nafasi anapoweka goti akisukuma kwa mguu mwingine iachwe wazi. Kisha kamba. Kamba ya nailoni peke yake inalegea baada ya mawe ya kwanza, kwa sababu mzigo unajishindilia na kushuka. Kanda za mpira zinazokatwa kutoka chubu kuukuu (mpira wa ndani ya tairi) hufuata mzigo unaposhuka na kuendelea kubana. Nunua zako za akiba, zipitishe mara mbili kwa upana na mara moja kwa urefu, na mkifika mita mia za kwanza simameni mkaze tena. Hatua hiyo ndogo wengi huiruka, na mizigo inayomwagika nusu njia imetoka hapo.

Mwelekeo wa njia ubadilishe mpango wako. Mji unateremka kutoka upande wa volkano ya Nyiragongo kwenda ziwani. Kutoka Majengo kwenda Himbi mzigo karibu unajipeleka, na hatari ni breki, kwa hiyo apunguziwe uzito na atembee pembeni badala ya kupanda. Kurudi juu anahitaji wasukumaji wawili, na wao wanalipwa. Watafute nyumbani kabla ya kuondoka, maana wa njiani hukutajia bei wakiona umekwama.

Siku ya kuhama ianze mapema. Miezi ya mvua, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, mchana hauaminiki. Bashi (turubai) iwepo hata jua likiwaka, ifunike juu na pande, na ifungwe chini ya mpira. Jumamosi asubuhi ni salongo, kazi ya pamoja ya usafi, usipange kitu. Saa za soko ukwepe Birere, hapo utasimama tu. Mjulishe pia shefu wa nyumba kumi unakotoka na unakokwenda. Vitu vingi vinavyotoka kwenye parsele (kiwanja cha nyumba) bila taarifa huleta maswali, na jioni maswali huwa marefu.

Frigo niliyoitenga mwanzoni iyeyushwe barafu siku moja kabla, ikaushwe, mlango ufungwe kwa mpira na rafu zitolewe. Isafiri wima ndani ya kanta. Ikilazimika kulazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, kwa hiyo ikifika isimame saa nyingi kabla ya kuwashwa, na kama ililala muda mrefu isubiri siku nzima. Televizyo bapa isimame pia, skrini ikiegemea blanketi, isilazwe kamwe. Kodi kanta kwa safari moja tu ya vitu hivi, pamoja na vioo, matela ya springi na kabati refu. Ukichanganya hivyo, chukudu kwa vizito na gari kwa dhaifu, jumla bado inakuwa chini ya kukodi gari kwa kila kitu.

Bei ipatanwe kwa kazi nzima, wala si kwa safari moja moja, maana anayelipwa kwa safari hupakia kidogo. Semeni wazi kama kupakia na kupakua vimo ndani, ni franka au dola, na kama ni dola, noti iwe safi isiyochanika. Mpe nusu mzigo ukishafungwa. Hesabu vipande vinavyotoka na uviandike kwenye karatasi mbili, yako na ya mtu atakayevipokea. Nusu ya pili itoke baada ya karatasi hizo mbili kuonekana ziko sawa, na kartoni za vyombo kutikiswa tena mbele yake. Akatwe kiasi gani kwa chombo kilichovunjika, mkubaliane mkiwa bado mlangoni pa nyumba ya zamani, kabla gurudumu halijazunguka.