Mafunzo ya doula wa baada ya kujifungua, Nairobi: nilicholipia na nilichopata

Nilimaliza masomo Novemba, na cheti nikakipata Machi baada ya kukaa na familia tatu na kuandika ripoti ya kila siku niliyoshinda kwao. Tangu hapo akina mama kadhaa wameniuliza kama waende nao. Wengine ni manesi, wengine wamefanya kazi ya kulea watoto wa watu miaka mingi bila karatasi yoyote. Nawajibu wote hapa.

Kwanza kazi yenyewe, maana hata majirani zangu hudhani nimekuwa mkunga. Doula hazalishi, hapimi presha, hatoi dawa wala hagusi mshono. Wapo wanaokaa na mama akiwa na uchungu, na wapo kama mimi, tunaoingia nyumbani mama akisharuhusiwa kutoka hospitali. Neno ni la Kigiriki, maana yake mjakazi, na Dana Raphael, mwanaanthropolojia wa Marekani, ndiye aliyelieneza miaka ya 1970. Mimi silipendi sana. Kiswahili tayari kinamwita mwanamke aliyejifungua mzazi, na siku zake arobaini kila mtu anazijua. Shosho, yaani bibi wa mtoto, akinifungulia mlango, namwambia mimi ni mlezi wa mzazi, naye hunikaribisha bila maswali.

Kilichonipeleka darasani ni uzazi wangu wa pili. Wa kwanza nilijifungulia kwetu Murang'a, mama akiwa hai: njahi (maharagwe meusi), uji wa wimbi, maji ya moto, na mtoto kubebwa nipate kulala. Wa pili ulinikuta mtaa wa Umoja hapa Nairobi, ghorofa ya tatu, mama ameshafariki. Mume wangu alipata zile wiki mbili ambazo sheria inampa baba, akarudi kazini Industrial Area. Chuchu zangu zilikuwa zimepasuka na nililia kila mtoto alipoamka. Siku moja jirani, Mama Otieno, alipanda ngazi, akafua nguo zote zilizokuwa kwenye beseni, akanikalisha vizuri kitini na kunisogezea mtoto kifuani. Hakunishauri lolote. Nilipokuja kusikia kwamba kuna watu wanaosomea hicho alichofanya, nilianza kuweka akiba.

Darasa lilikuwa Jumamosi 12, saa tatu asubuhi hadi saa kumi, katika ukumbi wa kukodi upande wa Ngara. Jumatano jioni tulikutana kwa Zoom, kwa hiyo tenga pesa za bando. Karo ilikuwa shilingi 38,000, nikailipa kwa awamu tatu kupitia M-Pesa. Tulikuwa 14. Mtaala ulitoka Marekani, mkufunzi ni mama wa hapa hapa aliyekuwa muuguzi wa wodi ya wazazi kwa miaka mingi, na nasema wazi kwamba thamani kubwa ya mafunzo haya ni yeye.

Somo la kunyonyesha pekee lingetosha kunirudishia pesa zangu. Tulifanya mazoezi kwa wanasesere wenye uzito wa mtoto halisi na matiti yaliyofumwa kwa uzi, hadi mikono ikazoea. Mtoto aletwe kwenye titi, titi lisipelekwe kwa mtoto. Kinywa kifunguke kama anayepiga mwayo, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya lile doa jeusi iingie mdomoni, si chuchu peke yake. Nilijifunza kuhesabu badala ya kukisia: mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na nepi zake zinasema ukweli kuliko kilio chake. Nilijifunza pia kwamba mtoto kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida, mradi asipite asilimia 10 na awe ameurudisha kufikia wiki ya pili. Ningejua hayo Umoja, nisingekimbilia maziwa ya kopo siku ya nne.

Lakini kilichonibadilisha zaidi ni somo la moyo wa mzazi. Kuna dodoso la maswali 10 lililotungwa Edinburgh mwaka 1987, mama anaulizwa alivyojihisi siku saba zilizopita, na majibu hujumlishwa hadi alama 30. Nilidhani tutafundishwa kusoma alama. Mkufunzi alitufundisha kwanza namna ya kuuliza, na hapo tukakwama darasa zima. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Tulipojaribu kusema “msongo wa mawazo baada ya kujifungua” kila mmoja alisikika kama redio. Mwenzetu mmoja, mhudumu wa afya ya jamii kutoka Mathare, akasema kule kwao hakuna mama anayetumia maneno hayo. Mama atasema moyo ni mzito. Atasema “sina raha,” au “nimechoka tu,” au atasema mtoto hampendi. Tukashinda siku hiyo tukikusanya maneno ambayo wanawake hutumia kweli, na daftari hilo ninalo hadi leo. Swali la kumi, la kufikiria kujidhuru, tulilifanyia mazoezi wawili wawili tukitazamana usoni, mpaka mtu aweze kuliuliza bila kushusha macho. Kulia siku ya tatu au ya nne huwapata wengi na hupita ndani ya wiki mbili. Kukizidi hapo, au jibu la swali la kumi likiwa ndiyo, doula hamtibu mtu, anampeleka kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Dalili za hatari nazo tulikaririshwa kila asubuhi kabla ya chai, hadi zikachosha. Pedi kulowa damu chapa ndani ya saa moja. Homa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu.

Familia yangu ya pili ya mazoezi ilikuwa mtaa wa Zimmerman. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Machakos kumhudumia mzazi, mwanamke mwenye mikono mepesi na mpishi mzuri. Siku ya tisa nilimkuta mzazi ameketi gizani, pazia zimefungwa, anasema kichwa kinapasuka tangu usiku na anaona vimulimuli.

“Ni usingizi,” mama mkwe akasema. “Mtoto hajamwachia alale. Ngoja nimpe supu.”

“Susu, supu ataikuta,” nikamwambia. “Kwanza twende naye hospitali. Mimi si daktari, lakini hiki kichwa tulifundishwa kukiogopa.”

Alinitazama kwa muda, kisha akaenda mwenyewe kuchukua leso ya kumfungia mtoto. Hospitalini presha ilikuwa juu mno, wakamlaza. Watu wengi hudhani kifafa cha mimba, ambacho huja na presha kama hiyo, huisha mtoto akitoka. Kinaweza kumpata mama hata wiki sita baadaye, na si lazima awe alikuwa na presha akiwa mjamzito. Shirika la Afya Duniani linataka mama aonwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Mzazi wangu huyu alikuwa ameonwa siku ya kutoka hospitali tu, akaambiwa arudi mtoto akifika chanjo ya wiki sita. Alikaa wodini siku nne, akarudi nyumbani mzima.

Sasa yaliyoniudhi.

Tangazo lilisema cheti kimo ndani ya karo. Jumamosi ya kumi ndipo tukaambiwa kuna shilingi 9,500 za kukaguliwa ripoti. Wawili waliacha hapo hapo, mmoja akiwa bora kuliko sisi wote, na bado inaniuma. Familia za mazoezi pia unajitafutia mwenyewe. Mimi nilizipata kanisani na kwa Mama Otieno. Na jambo hili lisemwe kabla mtu hajalipa: cheti si leseni. Wauguzi na wakunga wanasajiliwa na baraza lao, sisi doula hatusajiliwi na yeyote wa Serikali. Ukisikia chuo kinakuahidi leseni, uliza itatolewa na nani.

Mtaala wenyewe ulimwona mzazi kama mwanamke aliye peke yake na mumewe ndani ya nyumba yenye vyumba vingi. Nyumba ninazoingia mimi zina shosho, dada wa kazi, shemeji anayelala sebuleni, na Jumapili wageni 20 wa kuona mtoto, kila mmoja anataka kumbeba. Hakuna ukurasa hata mmoja uliosema namna ya kumwambia mjomba anawe mikono. Orodha ya vyakula ilikuwa na matunda ambayo sijawahi kuyaona soko la Marikiti, na njahi haikuwemo. Mkufunzi alijaza mapengo mengi kwa akili yake: akatuambia tusigombane na maji ya moto wala leso ya tumboni kama mama anapenda na hajapasuliwa, ila tusimame imara kwenye mawili, kitovu kisipakwe kitu ambacho kliniki haikutoa, na mtoto asipewe maji yoyote, hata ya sukari au yale ya chupa ya kutuliza tumbo, hadi miezi sita. Ni yeye pia aliyetueleza benki ya maziwa ya mama iliyofunguliwa Pumwani mwaka 2019, ambako maziwa ya akina mama wanaojitolea huhudumia watoto wachanga wenye uhitaji.

Kuhusu mama kurudi kazini, kimya kabisa, na ilhali Kenya likizo ni miezi mitatu na mtoto anatakiwa anyonye sita. Nesi mmoja darasani ndiye aliyetuambia kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea na ampe mama muda wa kukamua. Sasa kila mzazi wangu namwandalia mapema: nani atabaki na mtoto, maziwa yatakaa wapi, na kwamba nje ya friji yahesabiwe saa nne tu, hasa mtaani kwetu ambako stima hupotea bila taarifa.

Mapato? Wanaolipa vizuri wako Kilimani na Lavington, na huko hulipwa shilingi 3,500 kwa siku. Umoja na Kayole napokea kinachowezekana, mara nyingine nauli na chakula cha mchana. Karo yangu ilirudi mwezi wa saba. Nisingemshauri mtu aache kazi kwa ajili ya cheti hiki, ila kwa nesi, mhudumu wa afya ya jamii au dada anayelea watoto wachanga tayari, ningesema alipe, akishaonyeshwa karo yote kwa maandishi na kumjua mkufunzi kwa jina. Mkufunzi wangu akibadilishwa, sitasema hivyo tena.

Mama Otieno nimempa daftari langu la maneno alisome. Ameongeza manne ya Kiluo, na ameahidi kuja nami kwa mzazi wa Donholm wiki ijayo.