Karakana Iliyosema Trela Yetu Inavuja Pumzi

Karakana hii ya Eneo la Viwanda, Nairobi, iliikarabati trela yetu ya kulala iliyokuwa ikivuja, maji yakaingia zaidi kuliko awali. Lakini kilichonifanya niandike si maji, bali ni maneno niliyoambiwa pale kaunta. Nilikuwa nimelibeba godoro la mwanangu, lililolowa ubavu mzima na kuanza kutoa uvundo, ili mtu asije akadhani ninatunga. Msimamizi alilitazama bila kuligusa, akaniambia, “Mama, hayo si maji ya mvua. Hizo ni pumzi zenu. Mnalala wengi, mnafunga madirisha, asubuhi kuta zinatoa jasho.” Kisha akarudi kwenye simu yake. Tunaolala mle ndani ni watatu, na mmoja wetu ana miaka sita.

Ni kweli kwamba watu wakijifungia ndani ya trela, mvuke wa pumzi hugeuka maji kwenye vioo na kwenye chuma chenye baridi, na hilo sibishani nalo. Ila pumzi gani hii inayoteremka kutoka kona moja tu ya juu, karibu na sinki, tena pale tu mvua inaponyesha?

Kwa wasioijua trela ya namna hii, ubavuni mwake kuna chumba kidogo chenye kitanda, ambacho mota hukisukuma nje mkishasimama na kukirudisha ndani mnapoondoka. Nyumbani tunakiita droo. (Trela yenyewe iliundwa Marekani, wanakoendesha upande wa kulia, ndiyo maana mlango wake hufungukia upande wa magari yanayopita, kero hiyo tumeizoea.) Droo imezungukwa na raba za aina mbili: moja nene, yenye uwazi ndani kama mpira wa maji, ambayo hubanwa chumba kikifika mwisho wake, na nyingine nyembamba kama ulimi, ambayo hufuta maji chumba kinapoingia. Zote mbili hufanya kazi kwa sababu zina nafasi ya kucheza. Fundi wao mkuu, badala ya kuzichunguza, alizipaka silikoni mzunguko mzima.

Mvua iliyofuata hatukuona tone, nami kwa ujinga wangu nikapiga simu kuwashukuru. Siku ya kuondoka kambini Naivasha, mume wangu alipobonyeza kitufe, mota ilinguruma, droo ikasita, kisha tukasikia kitu kikichanika. Ulimi wa juu ulikuwa umegandamana na ukuta, ukakatika kiasi cha shubiri mbili, na sehemu iliyosalia ikajikunja kuelekea ndani, ikawa mfereji wa kuleta maji kitandani. Hayo ndiyo maji ya godoro. Hizo ndizo pumzi zetu.

Nilikusudia kuishia hapo na kuwaambia msikanyage pale, lakini haki inanizuia. Katika karakana hiyo hiyo yupo kijana mwanagenzi, ambaye alinifuata uani akiwa ameshika kipande cha gazeti. “Mama, samahani, niruhusu nijaribu kitu kimoja.” Aliliweka gazeti kati ya raba na ukuta, akaisukuma droo hadi mwisho, akalivuta, akarudia hivyo kila baada ya hatua moja. Pande nyingine zote karatasi ilikataa kutoka. Kwenye kona ya sinki ilitoka kama barua ndani ya bahasha. Droo ilikuwa imelala upande, akanieleza, na hakuna raba, hata iwe mpya namna gani, ingeziba pale kabla ya bolti kurekebishwa.

Aliifanya kazi hiyo siku nzima. Aliikwangua silikoni kwa kipande cha plastiki ili asiuchubue ukuta, akapafuta kwa spiriti kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani, akainyoosha droo, kisha akafunga raba tulizozitafuta Kirinyaga Road, duka baada ya duka, hadi tukapata zenye umbo linalofaa. Mwishowe aliimwagia droo maji kwa mpira, akianzia chini na kupanda polepole, mume wangu akiwa ndani na tochi, kwani ukianzia juu maji huteremka kila mahali na huwezi kujua yalipoingilia. Alitushauri pia tuyafagie maua ya mjakaranda yaliyorundikana juu ya paa la droo kabla ya kuirudisha ndani. Hakuna aliyewahi kutuambia hilo.

Kwa hiyo nendeni, nilitaka kuandika, mkamuulizie huyo kijana. Kisha nikapewa ankara. Mstari wa kwanza ulisomeka: kuondoa silikoni ya zamani, shilingi 6,500. Silikoni ya nani? Nilipouliza, msimamizi yule yule alijibu bila kuinua macho kwamba kazi ni kazi, mama. Basi msiende.

Tangu siku hiyo mvua imekesha ikinyesha mara kadhaa na kona ya sinki haijatoa tone. Plaiwudi ya sakafu chini ya kitanda, hata hivyo, ilikwisha kuoza. Ukiikanyaga inabonyea, na itabidi ing’olewe. Raba nimezilipia, na siku ya kijana nimeilipia yote. Mstari wa silikoni niliukata kwa kalamu nyekundu, nikaiacha ankara pale kaunta, na juu yake nikaliacha godoro.