Mwaka mmoja wa uzamili wa maendeleo ya kimataifa Uingereza: uzoefu wangu

Tangu nirudi Dodoma, Oktoba mwaka jana, haipiti wiki bila mtu kunipigia aniulize: ile masta ya maendeleo uliyoifuata Uingereza ina faida? Wengi wao ni watu wa miradi kama nilivyokuwa mimi. Wamekaa wilayani miaka minne, mitano, na kila nafasi ya juu inayotangazwa inadai uzamili. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja, kwa sababu jibu la ndiyo au hapana halimsaidii mtu anayetaka kuacha kazi na familia mwaka mzima.

Nilifanya kazi miaka sita kwenye miradi ya maji vijijini wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, ambako ndiko nilikozaliwa. Nilishughulika na kamati za maji: kuziunda, kuzifundisha kuweka hesabu, kisha kurudi baada ya miezi kadhaa na kukuta pampu imesimama na mtunza hazina hayupo. Septemba 2024 nikaanza masomo kwenye chuo kimoja kaskazini mwa Uingereza kwa Chevening, ufadhili wa masomo unaotolewa na serikali ya Uingereza. Nikamaliza Septemba 2025. Chuo chenyewe sitakitaja.

Nianze na pesa, maana ndiko wengi wanakokwama. Kwa mwanafunzi wa kigeni, ada ya kozi hii katika vyuo vingi vya huko ni kati ya pauni 20,000 na 30,000. Hapo hujalipa chumba, hujala, na hujatoa ile tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka inayolipwa pamoja na maombi ya viza. Msimamo wangu siufichi: kwa kozi hii usiuze shamba, usikope benki, usimwombe baba auze ng'ombe. Subiri ufadhili hata kama itakuchukua miaka mitatu. Mimi nilikataliwa mara ya kwanza, nikapata mara ya pili.

Chevening wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambazo ni kama miaka miwili, na unaahidi kurudi nyumbani na kukaa angalau miaka miwili. Kulikuwa na insha nne. Mara ya kwanza nilijaza maneno makubwa ya uongozi na mabadiliko chanya. Mara ya pili niliandika kuhusu daftari moja la mtunza hazina, lenye kurasa zilizojazwa vizuri kuanzia Juni hadi Novemba, kisha likawa tupu. Nikaeleza kwamba nataka kujua kwa nini linakuwa tupu kila mwaka miezi ile ile. Kwenye usaili waliniuliza habari za daftari hilo karibu muda wote.

Jambo la familia lielewe mapema. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa madarasa haruhusiwi tena kwenda na mwenza wala watoto. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu. Nilimwacha kwa mama yangu. Majira ya baridi tunapishana saa tatu, kwa hiyo nikitoka darasani saa kumi na moja jioni, nyumbani ni saa mbili usiku na mtoto anasinzia. Kuna wiki niliongea na paji la uso wake tu kwenye simu. Hilo hakuna ufadhili unaolilipia, na kama una mtoto mdogo, lipime kabla ya kupima kitu kingine chochote.

Kozi yenyewe ina krediti 180: 120 za madarasa na 60 za tasnifu, zote ndani ya miezi kumi na miwili. Hakuna muda wa kuzubaa. Kila semina ina makala tatu au nne za kusoma, na hakuna anayekuuliza makala inasema nini. Unaulizwa inakosea wapi. Sisi tumelelewa kusoma ili tukumbuke. Pale unasoma ili ubishane, na wiki sita za mwanzo nilikaa kimya kama mgeni msibani. Insha ya kwanza nilipata 54. Nilishtuka sana, hadi nilipoelewa kwamba kwao 50 ni kufaulu, 60 ni vizuri, na 70 ndiyo daraja la juu kabisa. Mhadhiri aliandika pembeni: maelezo mengi, hoja siioni. Maneno hayo yalinifaa kuliko mafunzo yote ya kuandika ripoti niliyowahi kulipiwa.

Sasa nifike kwenye wiki iliyonifanya nisijutie kwenda.

Ilikuwa Novemba, mada ni mipango mikubwa ya serikali na kwa nini huanguka. Tulipewa kitabu cha mwanazuoni wa Marekani James C. Scott, Seeing Like a State, cha mwaka 1998, chenye sura nzima kuhusu vijiji vya ujamaa Tanzania. Darasa zima, watu wa Nepal, Kolombia, Malawi na Uingereza, wakawa wanajadili watu waliohamishwa kutoka makazi ya kutawanyika na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Kwetu Ugogo jambo hilo lilianza mapema, kwa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, na mama yangu alikuwa msichana mdogo. Nilikuwa nalijua kama hadithi ya nyumbani. Sikuwahi kulijua kama swali.

Usiku ule nikampigia. Nikamuuliza, mama, mlipohamishwa mliacha nini? Nilidhani atasema tembe la babu, ile nyumba ya udongo. Akasema, "Mbolea." Zizi lilikuwa limekaa pale pale miaka mingi, na udongo wa kuzunguka tembe ulikuwa mweusi, unatoa uwele wa kutosha hata mvua ikiwa haba. Kule barabarani udongo ulikuwa mwekundu, mkavu. Basi babu akaendelea kulima kule kule kwa zamani, akitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Baadaye akachoka kutembea. Mvua zikianza anahamia huko na watoto wakubwa, wanalala kwenye kibanda hadi wavune. "Hata sasa si wanafanya hivyo hivyo?" mama akanambia, kama anayemweleza mtu jambo ambalo kila mtu analijua.

Nilikata simu nikafungua nakala za madaftari ya kamati nilizokuwa nazo kwenye kompyuta. Yanakuwa tupu kuanzia Desemba. Yanaanza tena Juni.

Miaka sita nilikuwa nikiandika kwenye ripoti kwamba tatizo ni uwajibikaji mdogo wa viongozi wa kamati, na pendekezo langu kila mara ni mafunzo zaidi. Mtunza hazina alikuwa shambani. Wateja wake nusu walikuwa shambani, na waliobaki walikuwa wanachota bure kwenye malambo na madimbwi kwa sababu ni masika. Hakuna mauzo ya maji kwa ndoo, hakuna pesa ya umeme, pampu inasimama, na koki isiyotumika miezi sita inaharibika. Mimi mtoto wa Kongwa nililala kwenye nyumba za wageni za wilaya hiyo usiku usiohesabika na sikuliona, kwa sababu fomu yangu haikuwa na sehemu ya kuuliza watu wanalala wapi mwezi wa pili.

Hilo ndilo nililolipata kwenye uzamili huu. Mhadhiri hakunipa jibu, jibu alikuwa nalo mama. Kozi ilinipa mazoea ya kuuliza mpango uliopo ulirithi nini kutoka kwa mpango uliotangulia, na nani alichora ramani.

Kwa kuwa ni Kongwa, mpango uliotangulia haukuwa mmoja. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wa karanga: walitaka kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu za Afrika Mashariki na Kati, nyingi zikiwa Tanganyika, kuanzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ili wapate mafuta ya kula baada ya vita. Mvua za Kongwa hazikutosha, na udongo wake wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama sakafu hata karanga zisichimbike. Mwanzoni mwa 1951 wakaachana nao, na takribani pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Machi nilipanda basi la usiku hadi London kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka pale Kew. Mtu yeyote anaweza kuingia: unajisajili bure, unapewa kadi, unaagiza faili, unaruhusiwa penseli tu, kalamu inabaki nje. Nilikaa siku mbili. Nilikuta hesabu za matrekta, vipuri, mifuko ya mbegu, malalamiko ya nyumba za wafanyakazi. Katika mafaili niliyofungua sikukuta mahali ambapo mzee mmoja wa Kigogo ameulizwa udongo ule unalimwaje. Nilipiga picha kurasa 210 kwa simu. Anayekwenda kusoma huko asiache kwenda Kew, hata kama tasnifu yake haihusu historia.

Yaliyoniudhi nayo yapo. Somo la maji na usafi wa mazingira, lililonifanya nichague chuo hicho, liliondolewa wiki mbili baada ya masomo kuanza. Wakasema mwalimu yuko likizo ya utafiti. Msimamizi wangu wa tasnifu alibadilishwa mwezi Juni. Kibali cha maadili ya utafiti kilichelewa hadi katikati ya Julai, nikawa siwezi tena kurudi Kongwa kufanya mahojiano ana kwa ana. Nilihoji watunza hazina kumi na mmoja kwa simu, wengine wakipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Na kwenye orodha ya vitabu vya lazima Walter Rodney hakuwemo, mwanahistoria aliyeandika kitabu chake cha 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika akiwa anafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nililiuliza hilo darasani. Aliongezwa kwenye orodha ya hiari.

Kabla hujalipa chochote, mwandikie mratibu wa kozi umuulize somo unalolitaka litafundishwa kweli mwaka huo, na nani atalifundisha. Tovuti peke yake usiiamini.

Halafu kazi. Januari 2025, tukiwa ndiyo tumerudi kutoka likizo ya Krismasi, Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mosi shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Februari ile ile Uingereza nayo ikatangaza kushusha misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Darasani kulikuwa na watu walioahidiwa kurudi kwenye nafasi zao. Mwenzangu mmoja alisoma barua pepe ya kuachishwa tukiwa katikati ya semina, akafunga kompyuta, akaendelea kuandika kwa mkono. Kwa hiyo anayetaka uzamili huu kwa sababu ya mshahara wa shirika la kimataifa, namsihi atulie kwanza. Nafasi ni chache na wanaozigombea wana uzoefu wa miaka ishirini.

Mimi nimerudi kwa mkataba mdogo kuliko ule niliouacha. Novemba nilikwenda kwenye vijiji vitatu kati ya vile vya tasnifu, nikakaa na kamati chini ya mbuyu na kuwasomea kwa Kiswahili nilichoandika. Kijiji kimoja kilichagua watunza hazina wawili siku ile ile, mmoja wa kiangazi na mwingine wa masika, mama mwenye kioski ambaye halimi mbali. Wakakubaliana pia kuweka akiba ya umeme kuanzia Juni. Wiki iliyopita nilimpigia huyo mama. Mvua zinanyesha, wateja ni wachache, na daftari la Januari lina kurasa mbili zilizoandikwa.

Kama umefanya kazi vijijini miaka kadhaa na kuna jambo linakukera hujalipatia maelezo, na kuna mtu wa kukulipia, nenda. Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza juzi afanye kazi kwanza, la sivyo atasoma makala mia mbili bila kuwa na kijiji cha kuzipimia. Chevening hufungua maombi Agosti. Insha anzeni kuziandika sasa.