Simu za tachi zenye kibodi ya kuteleza kwa bajeti ndogo: ipi ununue, ipi uiache

Mtu anayeandika sana kwenye simu hahitaji kuelezwa faida ya batani za kweli. Kidole kinahisi ukingo wa kila herufi, macho yanabaki kwenye sentensi, na ukiisukuma kibodi ndani unabaki na kioo kizima cha kusomea. Kibodi ya kwenye kioo humeza karibu nusu ya skrini, kisha inajifanya inajua neno ulilotaka kuandika. Kwa Kiswahili jambo hilo linachosha zaidi, maana maneno yetu yamejaa viambishi na programu za kusahihisha mara nyingi huyabadilisha kuwa kitu kingine kabisa.

Tatizo ni kwamba kampuni kubwa ziliziacha simu hizi. Android ya kwanza kuuzwa, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na kibodi ya kuteleza, na kwa miaka minne hivi iliyofuata karibu kila kampuni ilitoa ya kwake. Baada ya 2012 zikapungua haraka. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo leo ananunua simu iliyotumika, na simu iliyotumika ya umri huu haichaguliwi kwa kuangalia kamera wala rangi. Angalia mtandao kwanza, halafu mfumo unaoiendesha simu, halafu hali ya sehemu inayoteleza. Uzuri wa kibodi unafuata baada ya hapo, ingawa ndio uliokuvuta.

Kuhusu mtandao: nyingi ya simu hizi zinaishia 3G. Marekani kampuni kubwa za simu zilimaliza kuzima 3G mwaka 2022, na nchi nyingine ziko njiani au zimeshafika. Kabla hujalipa, uliza kampuni ya laini yako kama bado inaendesha 2G au 3G, na kwa masafa gani ya redio. Kisha linganisha na masafa ya simu yenyewe, kwa sababu simu mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana hapo. Mfano mzuri ni Motorola Droid ya 2009 na Motorola Milestone. Kwa macho ni simu moja, lakini Droid ilitengenezwa kwa mtandao wa CDMA na haina hata mahali pa kuweka laini, wakati Milestone inatumia laini ya kawaida. Wengi huagiza ya kwanza wakidhani ni ya pili.

Kuhusu mfumo, hapa ndipo simu nyingi nzuri zinapoanguka. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Symbian ya Nokia mwaka 2017, kwenye Android 2.3.7 na za nyuma yake Februari 2020, na kwenye Android 4.0.4 Novemba 2021. Google nayo tangu Septemba 2021 hairuhusu kuingia kwenye akaunti kwa Android 2.3.7 au ya chini yake. Kuna na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: tovuti nyingi siku hizi hutaka TLS 1.2, njia ya kulinda mawasiliano kati ya simu na tovuti, na Android iliuwasha kama kawaida yake kuanzia toleo la 5.0 tu. Ndiyo maana kisakuzi (programu ya kufungulia tovuti) cha simu ya 2010 kinaweza kukataa kufungua ukurasa hata kama intaneti ipo na bando limejaa.

Kwa hiyo jiulize unaitaka ya nini. Ukitaka simu moja ya kila kitu, chaguo ni moja tu. Ukitaka ya pili, ya kupiga, kutuma meseji na kuandika, chaguo ni nyingi na bei huwa ya chini sana.

1. BlackBerry Priv

Hii ndiyo ya kununua kama pesa inafika. Ilitoka Novemba 2015 ikiwa na Android 5.1.1, ikapandishwa hadi 6.0, na kwa hiyo ipo upande salama wa mstari wa 5.0 niliouchora hapo juu. Kioo chake ni cha inchi 5.43, RAM ni GB 3, hifadhi ya ndani GB 32 na ina nafasi ya memori kadi. Betri ni ya mAh 3410. Hakuna simu nyingine ya bei ya kawaida kwenye orodha hii inayokaribia hapo.

Kibodi yake inatoka chini, simu ikiwa imesimama wima, tofauti na nyingi ambazo unazilaza. Batani ni ndogo na mwanzoni vidole vinene vitalalamika. Lakini kibodi yenyewe inahisi mguso: ukipitisha kidole juu ya batani bila kuzibonyeza, ukurasa unapanda na kushuka, na ukikiweka kidole chini ya neno lililopendekezwa kisha ukakisukuma kwenda juu, neno linaingia. Ukishazoea, kioo unakigusa mara chache sana unapoandika.

Kasoro zake ziko wazi. Processa ya Snapdragon 808 hupata joto, hasa ukiwa kwenye video au ramani. Kioo kimepinda pembeni, kwa hiyo protekta za kawaida hazikai vizuri na kikivunjika gharama ya kukibadilisha inaweza kukaribia bei ya simu. Usinunue Priv yenye ufa, hata mdogo, kwa ahadi kwamba fundi atamaliza. Betri haitoki kwa mkono. Na mfumo umesimama 6.0: programu za benki mara nyingi hutaka matoleo mapya zaidi, basi kama unaishi kwa programu hizo, zijaribu mbele ya muuzaji. Zipo Priv za matoleo mbalimbali, namba zake zikianza na STV100, na masafa ya 4G hutofautiana kati ya toleo na toleo. Mwambie muuzaji akutumie picha ya namba kamili. Kumbuka pia kwamba 4G ya intaneti si lazima ibebe na sauti. Kama mtandao wako umezima 2G na 3G, hakikisha kwanza kwamba simu inaweza kupiga.

2. Motorola Droid 4

Kwa kibodi peke yake, ningeiweka ya kwanza. Ilitoka Februari 2012. Kibodi yake ina safu tano, yaani tarakimu zina safu yao ya juu kama kwenye kompyuta, huhitaji kushika batani ya pili ili kuandika 7. Mwanga unazunguka kingo za kila batani, si herufi tu, na gizani vidole vinaona njia. Ukiandika namba za simu, hesabu au nywila siku nzima, safu hiyo moja inabadilisha kila kitu.

Kiwandani iliishia Android 4.1.2, ambayo leo haitoshi. Kinachoiokoa ni wapenzi wake: wapo waliotengeneza LineageOS, Android isiyo ya kiwandani, ya kuipeleka kwenye 7.1, na mradi wa Maemo Leste unaiendesha kwa Linux kamili, mfumo wa kompyuta. Kama maneno hayo yanakutisha, mtafute mtu wa kukufanyia au ruka hadi namba tatu. RAM ni GB 1, kwa hiyo hata ikipandishwa usitarajie miujiza. Betri ya mAh 1785 imefungwa ndani, na kioo chake juani ni kigumu kusomeka. Ilitengenezwa kwa Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, ingawa inapokea pia laini za kawaida (GSM) za kwingine. Dai kuiona ikisoma laini yako wewe.

3. HTC Desire Z

Desire Z ya mwisho wa 2010 haitelezi kama nyingine. Kioo kinanyanyuka kwa bawaba yenye umbo la Z, kinapita juu ya kibodi, kisha kinatua usawa wake. Ikiwa mpya ilikuwa raha kuifungua. Ikichakaa, springi inalegea na kioo kinafunguka chenyewe ukiigeuza simu kichwa chini. Ndilo jaribio la kwanza la kuifanyia, na halichukui hata sekunde tano.

Kibodi yake imepumua vizuri, batani zina mwinuko wa kutosha na zipo nyingine za kuzipangia njia za mkato. Mwili una chuma na uzito wa gramu 180, unaohisika mkononi. Betri ya mAh 1300 inatoka kwa mkono. Mfumo uliishia Android 2.3, na hiyo maana yake ni meseji, kupiga, kalenda na kuandika. Mwenzake, T-Mobile G2, ni karibu ileile ila 3G yake ilipangiwa masafa ya 1700 na 2100 ya mtandao huo, na sehemu nyingi itabaki kwenye 2G tu.

4. Sony Ericsson Xperia mini pro

Ya mwaka 2011, namba SK17i. Ina kioo cha inchi 3.0 na urefu wa milimita 92, inaingia mfuko wowote. Kwa udogo huo ni ajabu jinsi kibodi ya safu nne inavyoandikika. Ilipata Android 4.0, na Sony Ericsson iliruhusu rasmi watumiaji kuufungua mfumo wake, kwa hiyo kundi la LegacyXperia liliweza kuitengenezea matoleo ya mbele zaidi. Hifadhi ya ndani ni finyu mno, programu chache tu zinaijaza. Betri inatolewa. Usiichanganye na X10 mini pro ya 2010, ambayo ina kioo cha inchi 2.55 na iliishia Android 2.1. Hiyo iache hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

5. Nokia N900

Kompyuta ndogo ya Linux iliyotoka 2009, yenye hifadhi ya GB 32 na kioo cha inchi 3.5 kinachotaka kubonyezwa kwa ukucha au kalamu yake. Naipenda, na simpendekezei mtu asiyejua amri za Linux. Kibodi ina safu tatu tu na batani ya nafasi imesogezwa kulia, itakuchukua muda. Kitu cha kukagua ni tundu la chaji: lilijulikana kwa kung'oka kwenye bodi. Chomeka waya, usikilizie kama linacheza. Likicheza, rudisha simu. Betri, BL-5J, ilitumika pia kwenye Lumia 520 na Nokia nyingine, hivyo kuipata si taabu.

6. Nokia C6-00

Kwa anayetaka kutuma meseji tu na bajeti ni ya chini kabisa. Mfumo wa Symbian, kioo cha inchi 3.2 kisichokubali mguso mwepesi, kibodi yenye nafasi nzuri, betri ya BL-4J inayotoka. Zaidi ya hapo haina la kusema.

Za kuacha: BlackBerry Torch ni nzuri kwa sura, ila tarehe 4 Januari 2022 BlackBerry ilizima huduma za mifumo yake ya zamani na ikatangaza kwamba hata kupiga na meseji havitegemeki tena. Palm Pre ilitegemea akaunti za mtandaoni ambazo HP, iliyoinunua Palm, ilizifunga Januari 2015. Na F(x)tec Pro1 ya 2019 ni simu bora kuliko zote nilizozitaja, lakini kwa bajeti ndogo haiingii kwenye mazungumzo haya.

Namna ya kuikagua

Kinachoua simu hizi mara nyingi ni fleksi, utepe mwembamba wa nyaya unaounganisha kioo na sehemu ya chini. Kila ukifungua na kufunga, utepe unakunjwa mahali palepale. Basi washa simu, weka picha nyeupe kwenye skrini, halafu ifungue polepole sana, robo kwa robo, ukiangalia kioo. Kikipepesa, kikichora mistari au kikizima kwenye pembe fulani, utepe umeanza kukatika, na kesho utamalizika. Rudia ukipiga simu, maana kwa baadhi ya modeli spika ya sikioni nayo inapita humo. Kisha shika kioo kwa vidole viwili na ukisukume kushoto na kulia. Mchezo mdogo ni wa kawaida, kugongagonga si kawaida.

Kwenye kibodi fungua sehemu ya kuandikia na ubonyeze kila batani, moja moja, pamoja na nafasi, kufuta na ile ya alama. Anza na A na I, ambazo Kiswahili kinazitumia kuliko zote. Batani inayoandika mara mbili ni mbaya kuliko iliyokufa, kwa sababu utaigundua umeshatuma ujumbe. Herufi zilizofutika si tatizo kama mpira wa chini unarudi juu haraka. Zima taa uone kama mwanga umefika pembe zote.

Betri ichukulie kuwa imechoka hata muuzaji akiapa. Kwa simu ambayo betri inatoka, itoe na uilaze mezani: ikizunguka kama pia, imevimba. Weka akiba ya kununua nyingine tangu mwanzo, na kwa Priv na Droid 4 hesabu na ufundi juu yake. Mwisho piga *#06# na ulinganishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ile iliyoandikwa chini ya betri au kwenye boksi, na umwombe muuzaji aondoe akaunti yake ya Google mbele yako. Priv iliyofutwa bila kuondolewa akaunti inaweza kudai nywila ya mmiliki wa kwanza, na bila hiyo hutaingia.